Ile Z ya pembeni mwa ukurasa

Leo stima imepotea tangu saa nne asubuhi, ndani joto hakukaliki, nikatoka barazani na mpwa wangu wa kidato cha tatu tukapiga hesabu zake za likizo. Akafika kwenye x² = 3x, akakata x huku na x huku kama mtu anayemenya karanga, jibu 3, kalamu chini. Nikamuuliza, na sifuri je? Kimya. Ukigawa kwa x ushaapa kwamba x si sifuri na hakuna aliyekuapisha, jibu moja umelizamisha kwa mkono wako.

Nikachukua penseli nikamchorea pembeni ile Z yangu. Akacheka, "Mjomba, hii Z ya kulala?"

Ikabidi nimweleze. Mimi nilikutana nayo chuo, kwenye kitabu cha Donald Knuth cha 1984 kuhusu TeX, ile programu yake ya kupanga chapa za hesabu, aya zingine pembeni zina kibao kidogo cha barabara chenye kona kama Z, zingine vibao viwili kabisa, na mwenyewe anakwambia kama unasoma mara ya kwanza ziruke. Nikaziruka. Mara ya tano bado naruka, wallahi. Halafu mimi mtoto wa Lamu, nimekulia vichochoroni kwa punda, kibao cha kona kali nimekijua ukubwani ndani ya basi la Mombasa, kwa hiyo kwangu alama ile ilikuwa inasema usiingie, hapa si pako.

Baadaye ndo nikajua si ya Knuth, aliichukua kwa Bourbaki, wale wanahisabati wa Ufaransa waliojikusanya miaka ya 1930 wakawa wanaandika vitabu kwa jina la mtu mmoja ambaye hayupo (hilo nalo siku nyingine). Na kwao maana ni nyingine kabisa, hawasemi hapa pagumu ruka, wanasema hapa watu huanguka vibaya, angalia unapokanyaga. Pagumu si utapaona tu mwenyewe, kichwa kitakuuma. Kinachomaliza watu ni pale panapoteleza kirahisi, kama kukata x.

Ami yangu ni nahodha. Ukipita naye mkondo wa Mkanda kwenda kisiwa cha Pate na maji yanakupwa, mawimbi hayamshughulishi, anayaona. Ni pale maji yametulia kama chai kikombeni na chini kuna fungu la mchanga, hapo Ami hukata maneno katikati, anapunguza mashine, kijana anasimama omoni na upondo anapima. Harudi. Anapita hapo hapo, polepole.

Basi nikampa mpwa wangu penseli nikamwambia pitia daftari lote, popote ulipowahi kuteleza weka Z. Nilidhani atachoka haraka, kumbe kanogewa. Kaweka kwenye (a + b)² aliyoiandika a² + b², kaweka kwenye √x² aliyoandika x tu akasahau kwamba x inaweza kuwa hasi, halafu akafika ukurasa wa jana, ule niliomfanyia mimi kwa madaha yote, −2x < 6, na chini yake kwa mwandiko wangu x < −3.

"Mjomba, hapa umegawa kwa hasi na alama hukuigeuza."

Nikaangalia. Kaichora kubwa, na kaikoleza mara mbili.

Adhana ya alasiri ikaniokoa.