Tela la baiskeli: nilianza na sanduku, nikajuta

Sanduku nililimaliza kwa siku moja. Plaiwudi ya milimita 9, urefu sentimita 90, upana 50, kingo nimezipiga msasa mpaka hazichomi kiganja. Nikalipaka vanishi, nikalizunguka mara tatu nikilitazama kama bwana harusi. Kumbe nilikuwa nimeanzia pabaya. Sanduku ni kazi nyepesi. Shughuli iko kwenye kiungo, pale tela linaposhikana na baiskeli, na mahali ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ilipokaa.

Mara ya kwanza nililifunga tela kwenye bomba la siti, chini kidogo ya tandiko. Ni rahisi: bolti yenye kichwa cha pete, nati mbili, basi. Ekseli nikaiweka katikati kabisa ya sanduku, kwa sababu inapendeza macho. Nikapakia madumu mawili ya maji ya lita 20. Maji ni mzigo mzuri wa majaribio kwa kuwa lita 1 ni kilo 1, hukisii kitu. Mita 50 za kwanza nilijiona fundi. Nilipoanza kupanda kilima, dumu moja likateleza nyuma na mkono wa tela, ule unaolivuta, ukaanza kuninyanyua siti kwa chini. Tairi la nyuma likawa jepesi, likazunguka bure kwenye changarawe. Wakati wa kushuka, kila nilipogusa breki mzigo ulinisukuma kiunoni, na ile pete ikigonga bolti: ta, ta, ta. Nilirudi nyumbani nikikokota.

Nilichofanya baadaye ni kuhamisha ekseli kutoka sentimita 45 hadi 55 nyuma ya ubao wa mbele. Nikapakia madumu yaleyale, safari hii nikiyafunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, kisha nikaweka ncha ya mkono juu ya mzani wa kupimia uzito wa mtu. Kilo 4 na kidogo. Ndicho nilichotaka: karibu sehemu moja ya kumi ya mzigo ilalie baiskeli, isiwe chini ya sifuri hata dumu likisogea.

Kiungo nacho nikakishusha mpaka karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu kulia kuna cheni. Pete niliitupa. Mahali pake nimeweka kipande cha mpira wa bomba wenye nyuzi ndani, mnene, urefu wa sentimita 15, uliopitishiwa bolti kila upande. Mpira unapinda kushoto na kulia, unapanda na kushuka, na unajinyonga pia. Huko kujinyonga ndiko wengi tunakokusahau. Siku baiskeli ilipoanguka nikiwa nafungua geti, tela lilibaki limesimama wima na mzigo wake. Mpira huchanika siku moja, najua, kwa hiyo pembeni kuna mkanda wa nailoni uliolegea kidogo, unaosubiri siku hiyo.

Magurudumu ni ya mbele, inchi 20, kutoka baiskeli mbili za watoto zilizokwisha kazi. Gurudumu la baiskeli limeumbwa kushikwa pande zote mbili, kama linavyoshikwa na uma. Ukilishika upande mmoja tu, ekseli yake nyembamba itapinda. Kila langu limekaa kati ya vipande viwili vya chuma. Lakini nilivichomelea kwa jicho, na ndani ya wiki mbili matairi yakaanza kulika na kuota manyoya ya mpira. Nikapima nafasi kati ya rimu za magurudumu mawili: upande wa mbele sentimita 61, upande wa nyuma 62 na nusu. Tela zima lilikuwa likijiburuza kama mtu anayetembea na vidole vikitazamana. Nilikata, nikanyoosha, nikachomelea upya. Sasa nikilisukuma kwa kidole linakwenda.

Vanishi yangu nzuri imeshachubuka pale madumu yanapokaa. Kushuka mlima na kilo 40 nyuma bado sikuzoei, naanza kushika breki mapema mno na wanaonipita wanashangaa. Na kurudi nyuma siwezi kabisa. Nikijikuta kwenye njia isiyopenya, nashuka, nafungua bolti moja, nalizungusha tela kwa mikono.