Kukarabati nyumba ya mawe Bagamoyo huku mnalala ndani

Mnaokarabati nyumba za zamani Bagamoyo bila kuhama, msiruhusu choo cha pekee kibomolewe siku ya kwanza. Kwanza chimbeni cha muda au malizeni kipya. Jirani naye uvumilivu wake una kikomo.

Fanyeni upande mmoja, mlale upande wa pili. Mlangoni tundikeni nailoni nzito mbili zinazopishana, chini mbanie ubao. Shuka lililolowa pale kizingitini hunasa vumbi kuliko ufagio.

Plasta ndiyo huharibiwa na wengi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupiga saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma, plasta inavimba. Ukiigonga inalia kama debe tupu. Rudini kwenye chokaa: sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa sehemu 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Wa ufukweni hapana, una chumvi. Tabaka liwe jembamba, milimita 10 hivi, na kwa siku kadhaa ning'inizeni juu yake magunia yaliyolowa, jua lisije likaipasua. Fundi akisema rangi kesho, mwambie asubiri; chokaa hukomaa polepole.

Pipa la kulowekea lifunikwe na liwe mbali na watoto. Chokaa ikikutana na maji huchemka, na jichoni inaunguza kweli.

Paa? Msilifungue Machi hadi Mei.