Gari halivuti? Pima kompresheni kwanza

Kila nikiegesha Kongowea kushusha nazi, hakosekani dereva wa kuniuliza nimeweka injini gani kwenye hii Toyota Probox. Nawajibu ni ile ile iliyokuja nayo, na wengi hawaamini, kwa sababu mita inasoma zaidi ya kilomita 340,000 na mwaka jana walikuwa wakinipita kwenye mpando wa Mazeras kama nimesimama. Naandika yote hapa kwa sababu roho yaniuma nikiona mtu anaingia kwenye mkopo kununua injini ya mtumba, na yake bado ina uhai.

Kazi yangu ni kupanda Kaloleni na unga, sukari na mafuta ya kupikia, halafu kushuka na nazi. Barabara ya kutoka Miritini kwenda Mazeras naijua kona kwa kona, na ndiyo iliyonionyesha kwamba gari linachoka. Lilianza kidogo kidogo. Gia ikawa inashuka mapema kuliko kawaida. Baadaye nikikanyaga mafuta hadi mwisho napata kelele tu, mwendo hauongezeki, na lori la kontena liko nyuma linanipigia honi. Na hapa ni pwani. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa ndani) hupata hewa nzito kabisa kwenye usawa wa bahari. Ukifika Nairobi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 na nguvu inapungua pamoja nayo. Gari likilegea Mombasa, huwezi kusingizia mwinuko.

Gereji ya kwanza walifungua boneti, wakasikiliza, wakaniambia injini imekufa, nitafute nyingine ya Japani. Hakuna aliyeshika geji. Nikaenda Majengo kwa mzee aliyekuwa akimtengenezea marehemu baba Peugeot 504 yake.

“Wamepima?” akaniuliza.

“Hawajapima, ami.”

“Basi wamejuaje?”

Kupima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, si kazi kubwa, na ningependa kila mwenye gari aione ikifanywa mbele ya macho yake. Injini iwe ya moto. Plagi zote nne zinatolewa, si moja moja, ili injini izunguke kwa wepesi. Mafuta yanakatwa yasiingie, koili zinazopeleka umeme kwenye plagi zinachomolewa, na betri iwe imejaa. Halafu geji inafungwa kwenye tundu la plagi, mtu mmoja anakanyaga mafuta hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi, na stata inazungushwa mpaka mshale uache kupanda. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga, mzee akisoma namba za psi, kipimo cha presha, kwa sauti: 182, 180, 170, 184. Kwa injini hii, 1NZ-FE ya cc 1,496, kiwango cha chini ni takriban 156, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14 hivi. Yangu ilikuwa ukingoni, lakini ndani ya mstari.

Hapo akafanya jambo ambalo gereji nyingi hawalifanyi. Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu, akapima tena. Mshale ukapanda hadi 180. Oili ile huziba kwa muda pengo la ringi zinazozunguka pistoni. Namba ikipanda, ujue hewa inatorokea kwenye ringi. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini. Kwa dakika chache na kijiko cha oili nikajua ugonjwa uko wapi, na kwamba si wa kuua.

Sasa swali likawa: kama silinda zinabana, nguvu imekwenda wapi? Jibu ni kwamba haikuwa imepotelea mahali pamoja. Kila kitu kilikuwa kimechukua chake kidogo, na hilo ndilo ningependa mtu mwenye gari la kilomita nyingi alishike.

Koili ndiyo iliyotangulia. Taa ya injini ilikuwa ikiwaka na kuzima, na mashine ya kusoma makosa ilitoa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, moto wake unakosa. Mzee hakukimbilia duka la spea. Alihamisha koili ya tatu akaiweka ya kwanza, tukazunguka hadi Mwembe Tayari na kurudi, na namba ya kosa ikageuka P0301, yaani silinda ya kwanza. Kosa limeifuata koili, basi koili ndiyo mbovu. Alipoigeuza mwangani, kwenye ule mpira mrefu unaoshika plagi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na mstari mweupe pale moto ulipokuwa ukitorokea pembeni. Soketi ya waya wake ilikuwa na ukoga wa kijani. Huo ni upepo wetu wa chumvi, na ukitaka kujua umefanya nini angalia pia nyaya za ethi zinazofungwa kwenye bodi. Zangu zilisuguliwa kwa msasa zikapakwa grisi. Plagi nazo zilikuwa zimelika ncha. Pengo linatakiwa liwe milimita 1.1, na zile zangu hata kwa macho ungeona limepanuka. Tukaweka mpya zote nne.

Halafu hewa. Vumbi la njia za ndani kule Kaloleni lilikuwa limeifanya filta iwe rangi ya udongo, lakini kubwa zaidi ni ile sensa ndogo inayopima hewa inayoingia, inayokaa karibu na boksi la filta. Ina waya mwembamba sana unaopashwa moto. Ukipata utando wa vumbi na mafuta, unaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo, na kompyuta inatoa petroli pungufu. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikasafishwa pia. Mdomo wake ulikuwa na kaboni nyeusi pande zote.

Kuhusu petroli, sisi Wakenya tunajua habari ya kuchanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa ajili hiyo hiyo. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, injini inagonga, na gari la kisasa likisikia kugonga huko linachelewesha moto wa plagi ili lijilinde. Wewe unaona gari zito tu. Nozeli zangu zilipelekwa kuoshwa kwa mashine, na mbili zilikuwa zinadondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia: breki. Mzee aliniambia niende hadi Buxton na kurudi polepole, kisha niguse rimu za mbele. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu, ya kulia huwezi kuweka kiganja. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, zimeshika kutu, breki inauma wakati wote. Yaani sehemu ya nguvu niliyokuwa nikiilalamikia injini ilikuwa ikitoka vizuri, halafu inaliwa na gurudumu. Pini zikasafishwa na kupakwa grisi ya breki, gurudumu likazunguka kwa mkono mmoja. Kama wewe ni wa kwenda Likoni au Shelly kila siku, kwenye huo upepo wa chumvi, anza na hili, ni rahisi kuliko yote.

Oili nayo ina kisa. Watu wetu wana imani kwamba injini iliyokula kilomita nyingi ipewe oili nzito, na yangu ilikuwa na 20W-50. Injini hii ina VVT-i, mtambo wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, na unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vidogo na kichujio cha wavu usiozidi ncha ya kidole. Kichujio kilitoka kimejaa matope meusi. Tukakisafisha, tukarudi kwenye 5W-30, na oili ya kwanza tukaibadilisha mapema sana kwa sababu inatoka na uchafu wa zamani. Mtu akikuambia aioshe injini kwa dizeli, kataa. Matope yakibanduka kwa mkupuo yanakwenda kuziba wavu wa pampu ya oili, na hapo ndipo utakapoinunua hiyo injini kweli.

Na zile chupa zinazouzwa vituo vya petroli, kwamba unamimina na kompresheni inarudi? Hakuna maji ya kurudisha chuma kilicholika. Kinachoweza kusaidia ni dawa ya kuyeyusha kaboni, pale ambapo ringi haijalika bali imenata kwenye mfereji wake. Mzee aliimimina kidogo ndani ya silinda ya tatu, ikalala humo usiku kucha. Asubuhi akaizungusha injini bila plagi ili itapike iliyobaki, akabadilisha oili. Tulipopima tena baada ya wiki kadhaa za kazi, ile 170 ilikuwa 176. Kama ingekuwa imelika, isingepanda.

Valvu zilipimwa nafasi zake injini ikiwa baridi, zilikuwa sawa. Katalaiza ya kwenye bomba la moshi haikuwa imeziba. Matairi yalitaka upepo.

Yote pamoja, pesa niliyotumia haikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya injini ya mtumba, ambayo nayo hakuna angenionyesha kompresheni yake kabla ya kulipa. Leo napanda Mazeras na mzigo ule ule, gia haishuki mpaka karibu na kilele, na kwa lita moja napata kilomita tatu zaidi ya zamani. Ningekubali kufungua injini kama ningeona silinda iko chini ya 156 na oili haiisaidii, au lita nzima ya oili inapotea kila kilomita 1,000 na moshi wa buluu haukatiki njiani.

Bado nina moshi kidogo asubuhi ninapowasha, halafu unakata. Mzee anasema ni sili za valvu, na zinaweza kubadilishwa bila kushusha hedi: anajaza silinda upepo wa kompresa ili valvu isianguke ndani, kisha anatoa springi juu. Amenitaka nimwachie gari siku mbili. Lakini Ramadhani iko mlangoni na nazi hazipumziki mji huu, kwa hivyo tumekubaliana Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha.