Ninavyoandaa shauri kubwa la biashara kabla ya kusimama mbele ya Jaji

Kesi kubwa ya biashara huingia ofisini ikiwa maboksi mawili matatu ya karatasi, flashi, na simu iliyojaa jumbe za WhatsApp. Mteja anataka tufungue shauri wiki hiyohiyo. Mimi sigusi hati ya madai, yaani waraka unaofungua shauri, mpaka nimemaliza jedwali la matukio, na nawasihi mawakili vijana wanaotoka Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo wafanye hivyohivyo. Ufasaha wa kuzungumza unasaidia kidogo sana katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ya Tanzania. Kinachobeba shauri pale ni hati, na nani anaitoa.

Jedwali langu lina safu nne: tarehe, tukio, hati inayothibitisha tukio hilo na ukurasa wake, kisha jina la shahidi atakayeitoa. Safu ya nne ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo inayoua kesi. Kiambatisho cha hati ya madai si ushahidi. Mpaka shahidi anayeijua hati, yaani aliyeiandika, aliyeipokea au anayeitunza kikazi, aitoe na mahakama iipokee kama kielelezo, hati hiyo haina nguvu yoyote. Meneja aliyesaini mkataba ameshahama? Natafuta aliyeshika jalada baada yake, tena kabla ya kufungua shauri.

Jedwali hilo linanionyesha pia ukomo wa muda wa kufungua shauri. Madai ya mkataba yana miaka 6, madai ya madhara (yasiyotokana na mkataba) 3, na muda unahesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Notisi ya madai, ile barua ya kumtaka mdaiwa alipe, haiusimamishi hata kidogo. Wafanyabiashara wengi wanaamini inausimamisha. Kinachoanzisha hesabu upya ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi aliyoyasaini kabla muda haujaisha. Barua yake ya mistari mitatu, "tunaomba mtuvumilie hadi Desemba," nailinda kuliko notisi kumi za mteja wangu.

Kisha nakagua hati moja moja. Ni halisi au nakala? Ikiwa halisi iko kwa mpinzani, nampa notisi ya kuileta, la sivyo nakala yangu itapingwa na pingamizi litakubaliwa. Ushuru wa stempu umelipwa? Mkataba usiolipiwa haupokelewi mpaka ushuru na adhabu vilipwe, na hutaki kuanza kukimbilia TRA shahidi akiwa kizimbani. Ikiwa mteja ni kampuni, azimio la bodi la kufungua shauri liwe na tarehe iliyotangulia siku ya kufungua.

Barua pepe na jumbe za simu zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyosafirishwa, na jinsi aliyeituma anavyotambulika. Kwa hiyo hati ya kiapo ya uhalisia inataja kifaa, nani alikitumia, nani alichapisha, lini na kwa printa ipi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumwapisha fundi wa kompyuta ambaye hajawahi kuigusa akaunti hiyo. Aape mwenye akaunti.

Sasa hesabu, na hapa ndipo natumia muda mwingi kuliko kote. Wakili wa biashara asiyejua kusoma taarifa ya benki anategemea huruma ya mhasibu wa upande wa pili. Chukua mkopo wa shilingi milioni 800 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya siku moja ni 394,520.55. Ya Juni, siku 30, ni 11,835,616. Mkataba unaruhusu riba ya adhabu ya asilimia 2 juu ya kiasi kilichochelewa tu, nacho ni milioni 60. Adhabu halali ya Juni ni shilingi 98,630. Lakini taarifa ya benki inaonyesha 1,315,068, maana mfumo umetoza asilimia 2 juu ya milioni 800 zote. Ziada ni 1,216,438 kwa mwezi mmoja, na mwezi unaofuata inaingizwa kwenye deni na kuanza kuzaa riba yenyewe. Naifanya hesabu hiyo kwa mkono kwa miezi miwili mitatu ndipo nimwite mhasibu aendelee. Nikishaielewa mwenyewe, naweza kuihoji.

Kwa kanuni za Divisheni za 2012, shahidi hutoa ushahidi wake wa msingi kwa maelezo ya maandishi. Yaandikwe kwa maneno yake. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, ila mikataba mingi ya mikopo bado ni ya Kiingereza. Msimamizi wa ghala aliyeandikiwa Kiingereza cha wakili huanguka swali la kwanza tu: "Aya ya 9 ina maana gani?" Namsikiliza kwanza, naandika alivyosema, namsomea, anarekebisha, ndipo anasaini.

Maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa mpinzani, nayaandaa yakiwa mafupi, kila moja na ukurasa wake. Kwa mkopo ule yanakuwa hivi:

"Ndugu shahidi, taarifa ya ukurasa wa 212 imetoka kwenye mfumo wenu?"

"Ndiyo."

"Kifungu cha riba ya adhabu, ukurasa wa 14, kinasema inatozwa juu ya nini?"

"Juu ya kiasi kilichochelewa."

"Juni kilichochelewa kilikuwa milioni 60?"

"Ndiyo."

"Msomee Mheshimiwa Jaji: mmetoza juu ya kiasi gani?"

"Milioni 800."

Naketi hapo hapo. Siulizi kwa nini, kwa sababu jibu la kwa nini ni hotuba, na hotuba humpa shahidi nafasi ya kujinasua.

Hukumu ikisomwa na mteja hakuridhika, kuna mambo mawili ndani ya siku 30: notisi ya rufaa, na barua kwa Msajili wa Mahakama ya kuomba nakala za mwenendo (kumbukumbu za shauri lilivyosikilizwa), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Barua hiyo nakala yake impate mpinzani, nawe ubaki na saini ya mapokezi. Rufaa inatakiwa ndani ya siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa, na siku za kusubiri mwenendo hutolewa kwenye hesabu hiyo kwa cheti cha Msajili. Bila ile nakala kumfikia mpinzani, cheti hakitakusaidia.