Vile nlishusha mwembe wa uani bila kuvunja mabati tena

Watu waliniambia ule mwembe ni kazi ya asubuhi moja, kata lianguke, mabati yanabadilishwa. Mwingine, tena anajiita fundi wa miti, akasema nifunge kamba tu vijana wawili washike. Huyo ndiye aliyeniudhi zaidi maana nlimsikiza.

Mwembe ulikuwa kwa mamangu Likoni, umeinamia paa, na nlitaka uishe kabla kusi haijaanza kuvuma. Nikapanda, kamba nikaipitisha kwenye panda ya juu, nikafunga tawi, binamu zangu wawili wako chini wameishika kwa mikono. Tawi halikuwa hata kubwa. Lilipokatika tu kamba ikawapita viganjani kama moto, mmoja akaachia, wa pili akanyanyuliwa akabaki kwa ncha za vidole, naye akaachia, tawi likatua juu ya paa. Mabati 2 yakaenda, na viganja vya yule mkubwa vikatoka malengelenge. Nlishuka natetemeka. Mti mbichi ni mzito jamani, gogo la futi 3 lenye unene wa futi 1 linafika kilo 60, na likishaanza kuanguka mikono mitupu haifanyi kitu.

Aliyetuokoa ni ami yangu, amekula miaka kwenye majahazi. Akaja jioni akatuangalia, akasema, "Hata tanga halishushwi hivyo." Akaizungusha kamba kwenye shina, huku chini, mizunguko 3, akanipa ncha nishike kwa mkono mmoja, binamu zangu wakavuta upande wa pili kwa nguvu zote na haikusogea! Kumbe ni ule msuguano wa kamba na gome ndio unaobeba uzito, mtu anabeba kidogo sana.

Kesho yake tukaanza upya. Tawi jepesi mzunguko 1, la wastani 2, gogo 3. Lakini msizidishe, kamba ikigoma kukimbia gogo linasimama ghafla hewani na mshtuko wote unakuja kwenye mti uliokalia wewe, nlitikiswa mara moja nikadhani shina linaondoka nami. Wa chini aiachie ikimbie kidogo ndio aikaze polepole, asijifunge mkononi, na asisimame pale linaposhukia. Yale ya upande wa paa nliyafunga karibu na ncha, sio kwenye shina lake, ili kile kichwa chenye majani kisiinamie mabati, halafu kamba nyingine nyembamba ya kuyavuta pembeni.

Na kamba ya mti isiwe ndio inayokushika wewe! Mimi nlikuwa na mkanda na kamba 2, pawa soo ikigusa moja nyingine ibaki.

Kamba ya nailoni na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, nlichukua sokoni Mwembe Tayari, elfu sita au saba hivi na chakula cha vijana. Ile ya mkonge ya zamani mamangu alitaka tutumie nliikataa, inaoza ndani na nje huoni kitu.

Kazi ngumu ni panda zikiisha, umebaki na shina tupu. Hapo kapi inafungwa chini ya unapokata, kwa hivyo kipande kinaanguka kwanza ndio kamba ikidake, ule mshtuko ni mkubwa kabisa. Nlikata vya futi moja moja, ami mwenyewe ndiye aliyeshika kamba, tukamaliza magharibi inaadhiniwa na hakuna bati hata moja lililoguswa. Sasa jirani ameniita kwa mti wake wa mkungu, nimemwambia ami ajiandae Jumamosi.