Upepo wa Mkono wa Kushoto

Mwalimu wa nidhamu aliniita ofisini akasema: "Kiranja, bendera hufuata upepo. Bendera nimeziona mstarini. Nitafutie upepo."

Bendera zenyewe zilikuwa mikono ya mashati. Katika muhula mmoja tu, karibu nusu ya shule ilikuwa imeanza kukunja mkono wa kushoto wa shati hadi karibu na kiwiko, huku wa kulia ukiachwa umefungwa kifungo kama kanuni za sare zilivyotaka. Na ukunjaji ulikuwa na masharti yake: mikunjo mitatu, upana wa vidole viwili, mshono wa ndani uonekane. Ukikunja miwili, hujui. Ukikunja mikono yote, wewe unasikia joto tu, huna lolote. Hata kwenye kamba za kuanikia nguo uliweza kuyatambua mashati ya wenye mtindo, mkono mmoja umejaa makunyanzi yasiyotoka kwa pasi.

Kazi ilionekana nyepesi: muulize kila mtu kaiga kwa nani, fuata uzi hadi mwisho. Kumbe hakuna aliyekubali kuwa kaiga. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema anakunja ili saa yake ionekane, na saa hakuwa nayo. Wengi waliapa kwamba wao ndio waliotangulia, tena kabla ya ile mechi kubwa ya muhula. Tangu hapo nimeiona tabia hii hata kwa watu wazima: mtindo ukishavuma, idadi ya walioanza mapema huongezeka kila mwaka.

Nikabadili swali. Nikaacha kuuliza "ulianza lini," nikauliza "nani ulimwona wa kwanza." Hapo midomo ikafunguka, maana kumtaja mwenzako ni rahisi kuliko kujitaja. Majina yakajikusanya kwa vijana wachache wa kwaya, na hao wote wakanielekeza kwa golikipa wa timu ya shule. Golikipa alikuwa mtu wa kila mahali: anadaka mpira, anaimba besi, analala bweni la mbali na wenzake wa darasani. Makundi ambayo hayakuwa na habari zozote za kupeana yalikutana kwake. Nilipomuuliza, alicheka. "Mimi? Mimi nilimwona jirani yangu wa dawati."

Jirani huyo alikuwa kijana mkimya, mtu wa mashoto. Jioni wakati wa kujisomea nilisimama nyuma yake nikamtazama akiandika. Mkono wake uliifuata kalamu kwa nyuma, ukipita juu ya maneno ambayo wino wake haujakauka. Laiti shati lingefika kwenye kifundo cha mkono, lingefuta mstari mzima na kuubeba. Alipokuwa kidato cha kwanza alikwisha chafua mashati ya kutosha, ndipo akaamua kukunja. Mikunjo mitatu, aliniambia, kwa sababu miwili hufunguka yenyewe. Mshono wa ndani ulionekana kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kukunja. Masharti yote yale yaliyokuwa yakigombaniwa mabwenini yalikuwa hayo tu.

Lililonishangaza ni muda. Kijana huyu alikuwa kidato cha tatu. Zaidi ya miaka miwili alikuwa anakunja mbele ya shule nzima na hakuna aliyemwiga. Waliomwona walijua hayo ni mambo yake. Golikipa naye, kwa maelezo yake, alikaa wiki kadhaa akikunja peke yake na kutaniwa kuwa mkono umevunjika. Mambo yaligeuka pale vijana watatu wa kwaya walipomfuata kwa pamoja, wakasimama naye safu ya mbele siku ya kuimba. Mmoja huchekwa. Wanne ukiwacheka, waweza kujikuta unacheka peke yako.

Miaka mingi baadaye nilikutana na hesabu ya Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliyoichapisha mwaka 1978, nikamkumbuka golikipa papo hapo. Granovetter alisema kila mtu ana kizingiti chake: idadi ya watu anaotaka kuwaona wametangulia kabla naye hajaingia. Chukua watu 100 uwanjani. Wa kwanza hahitaji kumwona mtu, wa pili anahitaji kumwona mmoja, wa tatu wawili, hivyo hivyo hadi wa mwisho anayehitaji 99. Wa kwanza akivunja dirisha, wote watavunja. Sasa mwondoe yule anayehitaji mmoja, weka mwingine anayehitaji wawili. Dirisha moja litavunjika, basi, watu watarudi nyumbani na habari itakuwa ya mhuni mmoja. Umati wa kwanza na wa pili unatofautiana kwa mtu mmoja tu. Kwetu, mtu huyo alikuwa golikipa.

Na mkunjo wenyewe je, ulikuwa na uzuri wake? Wastani. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walieleza jaribio walilolifanya kwenye intaneti kwa nyimbo 48 zisizojulikana na wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi yao waligawanywa katika makundi yasiyoonana, kila kundi likiona nyimbo ambazo wenzao wa humo ndani wamezipakua zaidi. Wimbo uliopaa kundi moja uliweza kuzama kundi jingine. Nyimbo nzuri kabisa hazikuanguka sana, mbovu kabisa hazikupanda sana. Zile za katikati ziliweza kufika popote. Mkunjo wetu ulikuwa wa katikati.

Nilirudi ofisini nikamweleza mwalimu nilichokiona, pamoja na wino. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa amri ambayo bado naiona ya haki: yule kijana aendelee kukunja, wengine wote washushe. Ikatangazwa mstarini. Kufikia mwisho wa wiki shule ilikuwa imepata watu wa mashoto wapya. Vijana waliokuwa na mwandiko wa kueleweka wakaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba kama zimelewa, ilimradi wapate ruhusa. Mwalimu wa hisabati alirudisha madaftari ya darasa zima bila kuyasahihisha.

Kilichoumaliza mkunjo si amri. Mwaka uliofuata kidato cha kwanza kipya kiliwasili, kikatazama, kikakunja chote, wembamba wale na mashati yao makubwa. Kidato cha nne hawakuvumilia. Georg Simmel, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikwisha lieleza hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: walio juu huutupa mtindo mara tu walio chini wanapoushika. Wakubwa wakashusha mikono ya mashati na kufunga vifungo hadi kwenye kifundo, jua liwake lisiwake, na wadogo walipoona hivyo wakashusha pia. Mwalimu wa nidhamu alisimama mstarini akaipongeza shule kwa utii.