Ramani yangu ilivyoijaza Tabora watu

Nilipopewa kazi ya kuchora ramani ya sensa ya Tanzania ya 2022 niliiona ya asubuhi moja. QGIS, programu ya kuchora ramani, ninayo, ni ya bure. Mipaka ya mikoa ninayo. Idadi ya watu ipo kwenye jedwali. Nikaunganisha, nikapaka rangi nyekundu, mkoa wenye watu wengi ukikolea zaidi. Nikaibandika ukutani.

Mzee mmoja wa ofisini, mwenyeji wa Sikonge mkoani Tabora, akaikodolea macho. "Bwana mdogo, kwetu wamejaa lini hivi? Mimi nikienda likizo nakatiza pori mpaka nasinzia."

Nilikuwa nimepaka idadi tupu. Tabora ina watu 3,391,679, lakini wametawanyika kwenye kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Dar es Salaam wako 5,383,728 kwenye eneo lisilofika 1,400, na ramani nzima Dar ni kijidoa. Nikagawanya watu kwa eneo. Tabora ikashuka hadi kama 45 kwa kilomita ya mraba, Dar ikavuka 3,800.

Nikihakiki jumla, nikakuta watu zaidi ya milioni 1.3 hawapo. Faili yangu ya mipaka ilikuwa ya kabla ya Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Programu haikulalamika hata kidogo: watu wa Songwe walikosa pa kukaa, wakaachwa. Mbeya nayo ikabaki na watu wa leo juu ya ardhi ya zamani. Tangu hapo sipaki rangi kabla sijajumlisha.

Kilichonila siku mbili ni madaraja ya rangi, yaani kila rangi ianzie na kuishia watu wangapi kwa kilomita ya mraba. Nilipogawa matano yenye upana sawa, Bara yote ikawa rangi moja iliyopauka isipokuwa Dar. Nikaiambia programu iweke idadi sawa ya mikoa kila daraja. Ramani ikapendeza, ila Mwanza, wenye watu 390 hivi kwa kilomita ya mraba, ukavaa rangi ileile ya Dar. Takwimu hazijaguswa, na nina nchi mbili tofauti! Mwishowe nikakata mwenyewe: 30, 60, 120, 400, na kuendelea, nikayaandika wazi kwenye ufunguo ili anayetaka kubisha abishe. Mjini Magharibi, unaokaribiana na Dar kwa kubanana, haukuonekana kabisa kwenye karatasi ya A4, nikauchorea kisanduku chake pembeni.

Mzee akarudi kukagua. Akatikisa kichwa akiridhika, halafu akaweka kidole juu ya Tabora.

"Sawa. Sasa mbona Tabora mjini na pori la Sikonge vina rangi moja?"

Nikarudi mezani kutafuta mipaka ya wilaya.